Nakala ya Nakala

Mchana natoa nakala, Barabara ya Adumi, mjini Arua,
shilingi mia kwa ukurasa, mia mbili ukitaka pande zote.
Usiku nalipa mia tano, nakaa benchi la tatu
katika banda la video la Onzima, mabati yakitoa jasho,
namtazama nahodha wa chombo cha angani
akiusemesha ukuta: "Supu."
Na ukuta unampa supu.

Aliga anatutafsiria, kipaza sauti mdomoni kama gunzi:
"Jamani, ukuta huu hauna jiko, hauna kuni, hauna mke!"
Banda linacheka. Mimi nacheka nusu.
Kazi yangu ni mashine. Najua mashine zina choyo.

Msimu wa kwanza ukuta ulitoa kila kitu:
viatu, dawa, fidla, keki ya harusi.
Msimu wa pili nadhani waandishi walishtuka,
nani atalia katika chombo kisichokosa kitu?
Wakaufunga ukuta mkono mmoja.
Hauwezi kutoa chenye uhai.
Hauwezi kutoa ile chumvi ya buluu inayoendesha injini.
Na supu, alisema mpishi mzee, inafanana na supu
kama mtu wa kwenye kitambulisho anavyofanana na mtu.

Aliga akatafsiri: "Anasema haina pilipili."

Jumanne alikuja Ezaru, kutoka ng'ambo ya mto Oli,
karatasi ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya nailoni, nailoni kifuani.
Mkataba wa shamba la marehemu baba yake, huko Vurra.
Nakala ya nakala. Dole gumba la muuzaji
lilikuwa limebaki wingu, doa la chai.
"Ofisi ya ardhi wanataka ya asili," akasema.
"Ya asili ililiwa na mchwa.
Wewe una mashine. Irudishe."

Nikaongeza wino. Nikakoleza.
Wingu likawa wingu jeusi.
Kila nilipojaribu gumba lilizidi kukimbia,
mistari yake ikaungana kama njia za mvua.
Ezaru aliitazama kila karatasi ikitoka na joto lake
kama mtu anayetazama mandazi ya jirani.
Sikumtoza. Nilitaka kumweleza habari za ukuta,
kwamba hata huko, miaka mia nne mbele,
mashine haitoi ila ilichoonyeshwa;
kwamba gumba halikuwahi kukaa kwenye karatasi,
lilipita tu.
Nikasema, "Mashine imechoka, mama."
Uongo. Mashine ni mpya, ya mkopo.

Usiku ule, sehemu ya mwisho. Chumvi ya buluu imekwisha,
chombo kinaelea, nahodha ameshika kikombe kitupu,
anafungua mdomo auambie ukuta

jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Giza. Sote tukawa ndani ya chombo.
Onzima akafoka: petroli!
Mtoto akatumwa na jerikeni kwa vijana wa njia panda
wanaouza kwa chupa za soda mafuta yaliyovuka mpaka.
Sauti ya nyuma ikauliza, "Kwa nini msiuagize ukuta?"
Hakuna aliyecheka vizuri.

Aliga, bila umeme, bila picha, akaendelea kutafsiri.
Akasema nahodha amekunywa. Akasema supu ilikuwa ya mama yake.
Akampa mama huyo jina la Kilugbara, akampa majani ya kunde,
sima ya muhogo, moshi, kifuniko kilichopotea mpini.
Tulijua anatunga. Tulimwacha atunge.

Nami gizani nikawaza lile gumba.
Je, Vurra hajabaki hata mmoja
aliyesimama pale siku ile, akaona wino ukipakwa,
akaishikilia karatasi isipeperuke?
Kesho nitafunga duka hadi saa nane.
Ezaru ana mguu mbaya; nitaazima pikipiki.

Mtoto alirudi na chupa mbili.
Moja ilikuwa maji.