Vifungo

Osmunda alikuja Januari kujifunza cherehani,
ada kalipa kwa gunia la mbaazi,
na mpaka Juni hajui hata kutunga uzi.
Si kwa uzito wa kichwa.
Mimi, fundi wake, nilikuwa sikai.

Duka langu liko Mkuti, hapa Masasi,
la tatu ukishapita mashine ya kusaga,
mlango unatazama jiwe la mlima.
Kibao kilisema USHONI, kwa rangi nyekundu.
Chini yake nikaongeza: SODA BARIDI.
Chini yake: TUNACHAJI SIMU.
Chini yake: KUTUMA NA KUTOA PESA.
Chini kabisa, kwa chaki, kwa haraka: SALFA IPO.
Kibao kikaisha, nikaendelea ukutani.

Nilidhani ndiyo kukua.
Mkono mmoja kwenye friji, mmoja kwenye simu,
mguu unapapasa pedali
kama mtu anayetafuta kandambili gizani.
Na droo ni moja: hela ya soda, hela ya uwakala,
hela ya daftari la mtoto, hela ya watu.
Jioni nikiifungua inanitazama
kama mgeni aliyekula, akashiba, akasahau jina langu.

Maalimu Chitanda akairudisha kanzu yake mpya.
"Fundi, nimeswali nayo,
safu nzima imepiga chafya."

Jumanne ile Osmunda hakuniuliza kitu.
Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga
na mfuko wa vifungo vyeupe vya mashati,
akakaa kwenye kigoda.
Kila nilipoinuka kwenye cherehani
akadondosha kimoja.

Simu ya kuchaji, ti.
Soda hii ya moto, nipe ya baridi, ti.
Shemeji, napita tu, ti.
Salfa kilo mbili, kwa mkopo, mpaka korosho, ti.
Yuleyule, kasahau mfuko, ti.

Nikamwambia, acha kelele.
Akasema, ndiyo, fundi.
Ti.

Saa kumi na mbili akalimimina kopo juu ya meza ya kukatia,
akavipanga kumi kumi.
Arobaini na moja.
Pembeni akaiweka kazi yangu ya siku nzima:
mkono wa shati.
Mmoja. Wa kushoto.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa akanywe maji,
"Fundi, hivi vyote ni vyako."

Sikulala vizuri.
Kifungo hushika shati, kifungo hushika mtu,
lugha yetu haikutenganisha.
Ila mimi hakuna hakimu aliyenihukumu.
Niliandika mwenyewe, ukutani,
kwa herufi kubwa.

Friji kalinunua mama Selapia wa genge,
yeye anajua kuuza cha baridi.
Uwakala nimemwachia kijana wa stationari.
Kuchaji nimebakiza, ila mtu anachomeka mwenyewe.
Madeni ya salfa niliyangoja msimu:
nusu yalilipwa,
nusu yamegeuka salamu.
Lile kopo sasa ni la mtaji. La nyumbani ni jingine,
na mfuniko wake anao mke wangu.

Nisidanganye. Wiki ya kwanza ukimya ulinitia aibu.
Watu walichungulia, wakauliza, fundi unaumwa?
Hela ilipungua kweli, mchana ukawa mrefu,
nikafagia mara mbili pasipo taka.
Kisha nikasikia mlio niliokuwa nimeusahau,
sindano ikila kitambaa bila kukatishwa,
kuanzia bega mpaka pindo.

Sare za Julai Osmunda ndiye aliyezimalizia.
Mashati manane, vifungo vitano vitano.
Piga hesabu: kimoja kilibaki.

Kinakaa pale karibu na taa.
Simu ya mtu ikilia ukutani
goti langu linataka kunyanyuka.
Osmunda hukiinua juu ya kopo,
hakiachii,
ananitazama tu.

Nakaa.