Sauti ya Mtoza Ushuru

Alhamisi ndiyo zamu yangu ya ubaya.
Navua buti mlangoni kwa Jarkko, theluji inayeyukia magazeti,
nashika kiti kile chenye mguu uliofungwa waya,
na ikifika saa moja na nusu nimeshakuwa Morvek,
mtoza ushuru wa daraja la tatu,
mtu wa glavu nyeupe na kalamu ya unyoya.

Nilimbuni mwenyewe, kwa penseli, kwenye karatasi ya miraba:
nguvu saba, akili kumi na sita.
Huruma haikuwa na kisanduku.
Nikakichora pembeni, nikaandika sifuri, tukacheka.
Nje, Oulu yote, baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri hiyo.

Miezi mitatu nilimwigiza vibaya, nasema kweli.
Nilikoroma. Nilicheka kama fisi aliyenasa kwenye pipa.
Nilichoma maghala, nikaiba farasi,
nikamtumbukiza padri kisimani,
na Tuomas, shujaa wetu mwenye ngao, alinipigia makofi
mdomo umejaa biskuti za tangawizi.
Ulikuwa uovu wa debe tupu:
unavuma, na watu wanaendelea kula.

Jana Jarkko akamleta mjane mwenye kinu,
watoto wawili, gunia moja.
"Bwana, hii ni mbegu. Hii ni ya kupanda."
Kete ya pande ishirini ikabingirika, ikagonga kikombe,
ikatulia kwenye kumi na tisa.
Umeshinda, akasema Jarkko. Anakusikiliza. Unamwambia nini?

Sikukoroma.
Niliinamisha kichwa kidogo, nikalainisha koo.
"Naelewa kabisa, mama. Tumeshalizungumza hili.
Ni kwa faida yako mwenyewe.
Liweke tu hapo, usijisumbue kulifunga."

Hakuna aliyecheka.
Henna akaacha kufuma. Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Jarkko, ambaye ameteketeza falme nzima bila kupepesa jicho,
akasema, "Basi... analiweka,"
akaenda kuongeza kahawa kwenye birika lililojaa.

Jikoni, Tuomas akifuta vikombe:
"Ile sauti umeitoa wapi?"
Nikamwambia, filamu fulani, sikumbuki.

Nilikumbuka.
Ilikuwa Jumapili, kwa mama, kwenye jiko lake la njano,
funguo za gari kiganjani mwake,
amezibana kama mtoto anavyobana peremende,
nami sijavua hata koti.
Naelewa kabisa, mama.
Tumeshalizungumza hili.

Na daktari kweli alikuwa ameandika.
Na kweli aligonga sanduku la barua la jirani,
mara mbili, mara ya pili akasema ni paa.
Nilikuwa na haki.
Morvek naye ana haki. Ushuru ni sheria,
ana mhuri, ana kitabu, hajawahi kupiga mtu.

Jarkko ameniandikia leo: nikitaka kubadilisha,
kuna mganga wa msituni, karatasi yake iko tayari,
huruma kumi na nane.
Nimekataa.
Afadhali mtu huyu akae ninapomwona,
kwenye kiti cha mguu wa waya,
tangu saa moja na nusu hadi saa nne.

Funguo ziko kwenye droo yangu, pamoja na kete.
Kila nikiingiza mkono kutafuta ile ya pande ishirini
ndizo zinazolia kwanza.