Siku Thelathini

Leo hakimu kasoma hukumu kwa Kiswahili
na dari ya mahakama ya Wete haikuanguka.
Nilikuja na tai yangu, kwa mazoea,
nikakaa benchi la nyuma, pamoja na wenye kesi,
mikono magotini, ulimi umelala.

Sheria mpya imepita, walitangaza redioni,
baada ya taarifa za vifo, kabla ya bei ya karafuu:
kesi sasa zitasikilizwa kwa lugha ya wenye kesi.
Mawakili vijana, majoho bado yana mikunjo ya dukani,
wanatafuta neno, wanakohoa, wanalipata.
Mmoja, binti wa Asaa Mbarouk wa Gando,
kasema "pingamizi!"
kama anayefukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa.
Nikatabasamu. Miaka ishirini na sita
neno hilo lilipita kwangu kwanza, likavua viatu.

Mimi ndimi niliyekuwa mlango.
Hakimu upande ule, watu upande huu,
na kila kilichopita kilipita kifuani pangu:
talaka, mipaka ya mashamba,
mbuzi walioibwa, damu.
Kila kesi niliapa
kutafsiri kwa ukweli, bila kuzidisha wala kupunguza.

Kuzidisha, sikuzidisha hata siku moja.

Mize Khatib, wa Kiuyu Minungwini.
Mikarafuu kumi na mmoja:
ardhi ya shemeji, miti ya marehemu mumewe,
jalada jekundu limefungwa kwa uzi wa katani.
Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu,
adhana ishatoka,
hakimu wa siku ile akisoma huku akikusanya kalamu zake.
Akasema kashindwa. Nikasema umeshindwa.
Akatoa sababu tatu. Nikatoa mbili,
ya tatu niliiona kama pacha wa ya pili.
Kisha akasema ile sentensi ya mwisho, ndefu,
wanayomwambia kila mtu
kama muuza duka asemavyo "karibu tena",
na mimi nishaanza kuitafuta kofia yangu.

"Basi, mama, imekwisha," nikamwambia.
"Nenda kapumzike."

Akanishukuru. Mimi, si hakimu.
Kwa sababu nilimwambia kwa upole.
Jumapili akaniletea mashelisheli mawili
kwa mkono wa mtoto wa jirani.
Mke wangu akayapika kwa nazi.
Tukala. Tukayasifu.

Leo hakimu, miwani puani, hana haraka,
kamwambia kijana wa Mtambwe aliyeshindwa kesi ya pikipiki:
"Una haki ya kukata rufaa
ndani ya siku thelathini."
Maneno tisa. Nimeyahesabu kwa vidole,
kimebaki kimoja.
Na yule kijana kanyanyua kichwa.
Hivyo tu. Kanyanyua kichwa.

Watu wakatoka. Mlinzi akaja na ufagio,
akafagia mpaka miguuni pangu, akasubiri.
"Mzee Shaame, umesahau kitu?"

Mize yu hai, nasikia.
Macho yamepungua nuru, vidole bado vyepesi;
msimu ukifika huchambua karafuu za watu
kwa malipo ya pishi,
na shemeji, kila mtu anajua, huajiri wengi.
Sikuwahi kuuliza hizo anazochambua
zimeangushwa kutoka mti upi.

Toka hapa hadi Minungwini si safari.
Nimewahi kwenda mbali zaidi kununua kuku.
Miaka kumi na saba nimepita njia hiyo
nikiangalia upande wa pili,
na siku thelathini zake zilikwisha
kabla mashelisheli mengine hayajaiva.

Nikifika niseme nini?
Hodi, kwanza.
Kisha yale tisa.