Unyaufu

Miaka ishirini na mbili nimepima korosho za watu.
Gunia likipanda mzani nalijua kabla ya mshale:
hili limenyweshwa maji usiku,
hili lina kokoto katikati,
hili ni jasho la mjane, liache lilivyo.

Siku nilipopanda mzani wa hospitali, mimi mwenyewe,
nesi Hilda Mnunduma hakuutazama mshale.
Alinitazama mimi.
Presha iko juu, akasema, na tumbo limekutangulia.
Miaka? Hamsini kasoro mmoja.
Akaandika kwenye kadi, nami sikuuliza daraja.
Mpimaji anajua: anayenyamaza hivyo
hajakuweka la kwanza.

Kabla ya dawa alinipa kazi.
Kaa, inuka, usishike kitu.
Kumi asubuhi, kumi jioni.
Na utembee, Mzee Nalinga, utembee mpaka uheme.

Kiti kifupi nyumbani ni kimoja, mbuzi ya Somoe.
Alfajiri, ukungu wa Newala umeingia hadi jikoni,
nikaikalia, meno yake ya chuma mbele yangu.
Moja. Magoti yakalia kama bawaba za ghala.
Mbili.
Ya tatu nilishika ukuta,
na kuku akaniona.

Somoe akatoka, kanga begani:
Unakuna nazi gani, mume wangu,
mbona kifuu sikioni?

Nikaanza na kutembea, toka sokoni
kuelekea Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla.
Wiki ya kwanza niliishia kwa fundi baiskeli.
Watu wakauliza: Unamkimbia nani, benki?
Chilumba wa duka la salfa akasimamisha pikipiki:
Panda, bosi, nikufikishe.
Nikamwambia siendi popote.
Hilo hakulielewa.
Siku ile, hata mimi sikulielewa vizuri.

Njia hiyo inapita kwa Bibi Nanjota.

Baba alianguka msimu wa mnada,
kalamu ikiwa sikioni, ana hamsini na tatu.
Alikuwa mnene, wa kukaa, wa chai yenye vijiko vitano,
na sisi tukasema amerogwa.
Tukamtaja na mtu. Tulimtaja yeye.
Mwaka mzima hakuna aliyemuuzia hata kiberiti.

Siku tisa nilipita pale nikiharakisha,
na moyo ulidunda hata pasipo na kilima.
Ya kumi nilimkuta ameinamia dumu la maji,
lita ishirini, mgongo umegoma.
Nikalichukua. Nikarudi kuchukua la pili,
moja huku, moja huku,
mabega yakalingana kama mzani wa haki.
Sikusema neno. Ningeanzia wapi?
Yeye ndiye aliyesema, akifungua mlango:
Baba yako naye alikuwa anakaa sana.

Basi. Hayo tu.
Tangu hapo madumu mawili kila asubuhi,
na nesi akiuliza nafanya zoezi gani la mikono,
nasema, la maji.

Agosti nilipanda tena mzani ule.
Zimepungua kilo mbili na nusu.
Presha nayo imeshuka, si sana,
kama bei inavyopanda mnadani, kwa kusitasita.
Wenzangu ghalani wakacheka: kwa jasho lote lile?
Lakini mimi ni karani, naziheshimu nusu kilo.
Usiku nilifungua daftari langu, si la chama,
nikachora safu, nikaandika uzito wa kuingia, uzito wa sasa,
na chini ya Sababu ya upungufu
nikaandika neno tunaloandikiana siku zote
gunia likikaa muda mrefu na kukauka.

Leo asubuhi nimefika ishirini na sita.
Somoe alikuwa anaisubiri mbuzi yake, nazi mkononi,
akihesabu kwa sauti, akiruka namba makusudi.
Sikushika ukuta.
Kuku alikuwa anachakura karibu na ndoo.
Hakugeuka hata kutazama.