Jumatano, Bila Sababu

Niliwatumia ujumbe Jumatatu, mfupi:
Njooni keshokutwa saa moja usiku, kwangu Msaranga, tule.
Simu ikaanza kulia kama ya mfiwa.
Aikande: "Kuna nini? Mama hajambo?"
Penieli: "Ni kikao? Nani anaoa?"
Elifuraha hakuuliza. Alituma picha ya viganja viwili vilivyokutana,
ile tunayoituma kwenye makundi ya msiba.

Sikuwalaumu. Mara ya mwisho sisi wanne kukaa pamoja
tulikuwa chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi,
mweka hazina akisoma majina ya walioahidi
wakasahau.
Kabla ya hapo, turubai lilelile, na jeneza.

Jumatano nikatoka kazini, nikapitia Mbuyuni:
ndizi mshare, nyanya mafungu mawili,
nyama kilo kasorobo, mwenye bucha akanipimia na mfupa
kwa moyo mkunjufu.
Mlima umejifunika gubigubi. Sikuwa na shida nao.

Ndizi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta.
Nilijisahau. Utomvu ukaniganda vidoleni,
wageni nikawapokea kwa kiwiko.

Sahani ninazo nne tu:
mbili za maua, za mama,
moja ya bati iliyopoteza rangi ukingoni,
na ya plastiki niliyorudi nayo kutoka bweni,
imechongwa kwa msumari: NDOSI.
Simjui Ndosi. Yangu, nadhani, anaye yeye.

Saa moja na dakika ishirini
gesi ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Nikafunua sufuria: ndizi kavu, ngumu,
zinanitazama kama wakwe.
Nikasimama pale na mwiko,
nikaanza kuomba radhi kwa sentensi ndefu ndefu.

Ndipo Elifuraha akafungua mkoba, polepole, kwa aibu,
akatoa bahasha ya kaki.
Jina lake juu. Chini yake: 10,000/=.
"Nilibeba tu," akasema. "Sikujua ni ya nini."

Tulicheka hadi Aikande akakaa sakafuni.
Penieli akasimama, akakohoa, akatangaza
kamati imepokea mchango wa kwanza,
na mtoto wa jirani akatumwa mkaa.

Tukalihamishia sufuria nje, kwenye jiko, mlangoni.
Mmoja kwenye ndoo, wawili kwenye ngazi,
mimi nikipepea kwa kifuniko cha dishi.
Moshi ukamfuata Penieli kila alikohamia.

Tukaongea vitu visivyo na mwenyekiti:
jino la Penieli, bei ya kung'oa na bei ya kuziba,
yule mwalimu wetu wa Jiografia, siku hizi anafuga nyuki.
Kwenye vikao huwa kuna *mengineyo*,
mwisho kabisa, watu wameshashika funguo.
Usiku ule wote ulikuwa mengineyo.
Labda ndiyo maana Aikande, akichokonoa makaa kwa kijiti,
akasema hajalala vizuri tangu Januari.
Akasema hivyo tu.
Hakuna aliyependekeza, hakuna aliyeunga mkono.
Elifuraha akasogeza ndoo yake karibu.

Tulikula saa tatu na nusu.
Ndizi zilikuwa zimeshika chini kidogo;
hakuna aliyesema, na wote walikwangua.
Aikande akaomba kula kwenye sahani ya Ndosi,
akairudia mara mbili.

Walipoondoka niliikuta bahasha chini ya chupa ya chai,
na chenji ndani, hata sarafu.
Kiasi kimekatwa kwa mstari mmoja,
pembeni, kwa mwandiko wa mhasibu: *salio — gesi*.

Leo Alhamisi nimevaa sweta lilelile.
Mwenzangu wa meza ya pili amenusa,
ameacha kuchapa,
amesogeza kiti na kushusha sauti:

"Pole jamani. Nani?"