Safu ya Tatu

Kitabu cha mafunzo kina safu tatu:
Tarehe. Kazi uliyofanya. Ulichojifunza.
Ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote,
kana kwamba aliyeipiga mistari hakutegemea makubwa.

Wiki ya kwanza niliandika: nimepanga majalada.
Wiki ya pili: nimepanga majalada.
Jina langu Minza, ila karani Luhende
ananiita Chuo.
Chuo, lete jalada la mirathi.
Chuo, mwambie yule baba avue kofia.
Chuo, paka ameingia tena kwenye vielelezo.

Paka hana kosa.
Kabatini mna daftari la shule lenye picha ya twiga,
kurasa zimelowa mafuta ya dagaa, zikakauka,
zikalowa tena.
Hakimu aliliita Kielelezo Namba Moja.
Nyanzobe wa Mwaloni huliita kichwa changu.
Humo yamo magunia arobaini
aliyomkopesha mnunuzi mmoja:
kila gunia, samaki mmoja wa kalamu.
Namba, alisema, mtu huzizidishia sifuri usiku.
Samaki wangu nawajua.

Mimi nilikuja na viatu vya kubana
na Kilatini cha kutosha kuzamisha mtumbwi.

Jumatano ya wiki ya tano alinikuta ubaoni
nikibandika orodha ya mashauri.
Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane,
ndogo kama kipande cha sabuni.
"Wewe umesoma. Nisomee."
Nikasoma. Mdai amethibitisha madai yake.
Mdaiwa alipe shilingi milioni mbili na laki nne,
na gharama za shauri.
"Kwa hiyo nilishinda?"
Ulishinda, mama.
"Lini?"
Nikatazama tarehe. Mwaka jana, mwezi wa tatu.
Akatazama dirishani, kule Mabatini,
nyumba zilivyong'ang'ania mawe kama kawaida yake.
"Sasa hiyo pesa inakaa wapi?"

Darasani kesi huisha hukumu ikisomwa.
Mhadhiri hufunga kitabu, watu huenda kula.
Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya ukurasa wa mwisho
kuna mlango,
na mlangoni kasimama mtu aliyeshinda
na anadaiwa ada ya shule.

Nikamfuata Luhende. Hakuinua kichwa.
"Hakuomba kukaziwa hukumu."
Hakuambiwa, nikasema.
"Hukumu ni wavu, Chuo.
Ukiutupa ukaenda kulala, usimlaumu samaki."
Lakini akasogeza kiti, akanipa karatasi nne,
na kalamu yake mwenyewe, ile asiyomwazima mtu.

Ombi niliandika mara mbili.
Mara ya kwanza niliandika kama mtu anayetafuta alama:
maneno marefu, koma nyingi, heshima tele.
Nyanzobe akanisikiliza hadi mwisho, akauliza,
"Mimi niko wapi humo?"
Nikachana.
Mara ya pili niliandika: magunia arobaini.
Niliandika: hajalipa hata moja.

Sahihi anaijua, lakini aliomba wino wa kidole.
"Sahihi yangu ilishawahi kuigwa."
Akakandamiza dole gumba pale chini,
na lilipoinuka liliacha, katikati ya mistari yake,
gamba moja dogo, linang'aa.
Luhende akalitazama. Hakulipangusa.

Shauri limepangiwa Ijumaa ya wiki ya tisa.
Mafunzo yangu ni wiki nane.

Msimamizi wa chuo alikuja kwa dakika kumi na mbili,
simu mkononi, gari likinguruma nje.
Akauliza kama nimeoanisha nadharia na vitendo.
Akapekua: majalada, majalada, majalada,
kisha wiki ya tano, safu ya tatu,
samaki mmoja wa kalamu.
"Hiki nini?"
Nikasema, bado, mwalimu.
Linatajwa Ijumaa ile nyingine.

Akatia sahihi, kando kidogo ya mkia.