Nyumba ya Kumi na Mbili

Isyonje, ukungu bado umelala kwenye matuta,
nilipita nyumba saba na daftari la hesabu:
mwaka huu viazi, gunia ngapi?

Nne, kwa mama Tumpale.
Tano. Tatu, na aliyesema tatu alitazama chini.
Nne tena. Sita. Nne.
Kwa Mwakalobo mwenye trekta: hamsini na nane,
akanipa na chai.

Nikajumlisha, nikagawa kwa saba.
Wastani: kumi na mbili.
Nikapiga mistari miwili chini yake, kwa rula.

Mwalimu Subilaga hakuweka vema wala kosa.
"Hesabu imekaa sawa. Sasa nipeleke
kwenye nyumba iliyovuna kumi na mbili."

Nikarudi daftarini, mlango kwa mlango.
Haikuwapo.

"Zipange, ndogo itangulie. Kisha simama katikati."
Tatu, nne, nne, nne —
nikasimama.
Nilikuwa kizingitini kwa mama Tumpale,
gunia moja kaweka mbegu,
tatu zimekwisha kuwa ada na chumvi.

Na kule mwisho wa mstari
hamsini na nane, peke yake,
kama taa ya trekta
ndani ya ukungu.